Kiboko hakuitikia, tuelewane hapo

Jamani tuanze na hili: kiboko hakuitikia. Najua mmeshaiona stetasi ya yule rafiki yangu, eti nilimwamkia kiboko akaitikia, simtaji, mwenyewe anajijua, na tangu jana nikipita Maweni nikipita Shela watu wananisalimia "vipi, kiboko mzima?" Haya, mimi ndo nilikuwa kwenye tope, niacheni niseme mwenyewe.

Si mnajua niko atachimenti, ofisi ya mambo ya maji ya wanyamapori, mwezi wa pili huu. Mlidhani nashika simba. Kazi yangu mimi ni ndoo. Ndoo, kamba, vichupa vya sampuli na kidude cha kupima chumvi, unakichovya majini kinakupa namba, basi. Kila wiki nateremka Sabaki pale mto unapoingia baharini. Bosi anasema kiboko anataka maji baridi, sasa kiangazi mto ukilegea bahari inapanda ndani na chumvi yake, nao wanahamia juu kwenye mashamba ya watu, na hapo ndo simu za usiku zinapoanza.

Bosi huyohuyo alinipa sharti moja tu. Simama ukingoni, rusha ndoo, vuta, usishuke. Moja! Hata hadithi za majini hutoa masharti matatu.

Lakini jana nikaona namba za ukingoni zimenichosha, wiki nenda wiki rudi zilezile, na kule katikati kuna mkondo unapita vizuri, nikasema nikipima pale ripoti yangu itang'ara. Na juzi usiku mwezi ulikuwa mpevu, niliupiga picha mimi mwenyewe nikaposti na maneno ya mapenzi (wengine mliweka kopa, asanteni). Mtoto wa Malindi, babu yake mvuvi, anatazama mwezi mpevu na neno bamvua, yale maji makubwa yanayokupwa mbali na kurudi kwa nguvu, halimjii kichwani. Saa nne na kitu maji yamekupwa huko mbali, nikavaa gambuti nikashuka.

Hatua ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu mguu ukaingia mpaka ugokoni, nikauvuta, huu mwingine ukaingia mpaka gotini, nikauvuta huu, yule wa kwanza akaona wivu. Tope la Sabaki msilichukulie poa. Mto unaanza huko juu upande wa Nairobi ukiitwa Athi, ukikatiza Tsavo unaitwa Galana, ukitufikia sisi ni Sabaki, na njia nzima unabeba udongo wa watu, ndo ile bahari yetu mvua zikinyesha inageuka chai ya maziwa. Kwa hiyo ukitazama kwa haki, mimi nilizama kwenye shamba la mtu wa Machakos.

Ikafika mapajani. Nimesimama wima kama nguzo ya Vasco da Gama, tofauti ni kwamba ile watu wanalipa kuiona. Maana kule juu kwenye matuta ya mchanga kulikuwa na wazungu na darubini zao za miguu mitatu, wamekuja kutazama heroe. Heroe wamesimama kwa mguu mmoja. Mimi hata mmoja hauonekani. Nikaona darubini moja inageuka polepole, ikanipata.

Haya, sasa pale penyewe.

Maji yanarudi. Nayasikia kabla sijayaona, shhh, shhh, yanalamba tope. Kidude nimekiinua juu kama mshumaa. Mbele, hatua kama hamsini, kuna kitu cheusi cha mviringo juu ya maji. Nikajiambia gogo. Gogo likatikisa sikio.

Nikaganda, yaani hata pumzi navuta kwa mafungu. Na hapo, nyuma yangu, karibu na kisogo kabisa, nikasikia: PFFFRRRR. Zito, lina majimaji ndani yake. Nikajua huyu ni wa pili, nimewekwa kati. Kugeuka siwezi, kiuno kinakwenda robo tu. Mambo yote niliyosomea miaka mitatu yakaniruka, likabaki moja nililofunzwa na bibi, nikalitoa kwa sauti ya mtoto aliyechelewa chuoni:

"Shikamoo."

Kimya.

"Marahaba."

Wallahi roho ilishuka mpaka kwenye gambuti, ikakuta tope, ikarudi.

Alikuwa mzee mmoja mvuvi, wavu begani, peku, anapenga kamasi. Amesimama kwenye mchanga mgumu hatua nne tu nyuma yangu. Nne!

"Mjukuu wangu, unapanda mikoko?"

"Napima chumvi, babu."

Akainama, akachovya kidole majini, akakilamba.

"Imo."

(Baadaye nilikitazama kidude, kimesoma 40,000 na ushee, na maji ya bahari yenyewe ni kama 50,000. Imo.)

Akaniambia nisivute mguu, nilale kifudifudi kama naogelea, nishike wavu. Nikalala. Mwili ukaja, suruali ikabaki. "Fungua mkanda." Babu, kuna watu. "Suruali na roho, chagua moja." Nikachagua, lakini nilifikiria kwanza, sidanganyi. Boksa ni ile ya maua niliyookota mtumbani, mnaonijua mnaijua. Kule juu wakapiga makofi. Kiboko hata hakusogea.

Yaliyobaki ni mafupi, nimefika ukingoni, mzee kanipa kikoi, bosi kaja, kaulizia kidude, hakuulizia mimi, kwenye fomu ya vifaa vilivyopotea kaandika gambuti pea moja, ndoo moja, kamba, suruali hakuiandika.

Na kwenye mfuko wa ile suruali mlikuwa na ufunguo wa pikipiki. Pikipiki si yangu. Ni ya huyo rafiki wa stetasi, aliniazima asubuhi, ikabidi aje kwa tuktuk na ufunguo wa akiba, akanikuta na kikoi, na yule mzee akamsimulia yote kwa utulivu kabisa, na kupenga akampengea.

Nikajipa moyo, stetasi hukaa saa 24 tu, nikawa nahesabu. Leo mchana zimetimia. Ameiweka tena.