Faili la Mteja Linapobaki kwenye Kompyuta ya Steshenari

Katika steshenari za Malimbe, Nyegezi na katikati ya jiji la Mwanza, mteja anayeuliza kama nakala ya kitambulisho chake imefutwa baada ya kuchapwa huonekana mkorofi. Mhudumu hukereka, waliopanga foleni hunung'unika, na lalamiko huishia kwenye "usiwe na wasiwasi". Mteja huyo haeleweki, na hoja yake ni nzito kuliko inavyodhaniwa.

Mwenye steshenari naye ana lake la kusema. Mara nyingi yuko peke yake, wateja wenyewe ndio wanaomtumia vyeti kwa WhatsApp, na baada ya wiki mbili mtu yule yule hurudi akiuliza kama barua yake ya maombi ya kazi bado ipo. Kwake, kutunza faili ni huduma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inapomtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, huona ametwishwa mzigo wa benki na kampuni za simu.

Hata hivyo, tutazame kinachobaki kwenye kompyuta hiyo. Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa ya mwenye nacho. Nywila ikivuja hubadilishwa, na laini ya simu inaweza kuachwa. Tarehe ya kuzaliwa mtu hufa nayo. Pamoja na namba hiyo kuna picha, sahihi, cheti cha kidato cha nne na wasifu wenye simu za wadhamini, vyote kwenye folda moja ambayo mteja anayefuata huambiwa aifungue mwenyewe atafute faili lake. Tapeli anayempigia mzazi akitaja jina kamili la mwanawe, tarehe yake ya kuzaliwa na chuo anachosoma hahitaji ujuzi mwingine ili aaminiwe. Mzazi akishatuma pesa, hakuna atakayeweza kuonyesha kwamba taarifa zilitoka kwenye meza ile wala si nyingine, na hapo lalamiko halina tena pa kushika. Ndiyo maana anayelalamika kabla hajadhurika anastahili kusikilizwa, ingawa ndiye anayefukuzwa kirahisi zaidi.

Daftari la wakala wa pesa za simu, lenye majina na namba za waliomtangulia mteja anayesaini, lina kasoro hiyo hiyo.

Hoja ya huduma hujibiwa kwa swali moja kwa mteja: "Nikutunzie au nifute?" Akitaka faili lifutwe, lifutwe mbele yake, pamoja na lililobaki kwenye WhatsApp na kwenye kapu la taka la kompyuta. Akilalamika, tarehe, lalamiko na hatua iliyochukuliwa ziandikwe, kwa sababu asiporidhika anaweza kulipeleka suala hilo kwenye Tume, na huko maneno matupu hayatamsaidia mwenye duka. Ninapokubaliana naye ni kwenye usajili: Tume ingemwandalia fomu fupi ya Kiswahili anayoweza kuijaza kwa simu, akiwa hapo hapo dukani.