Tunampa Cheo Anayeongea, Kisha Tunashangaa

Swali likiulizwa kikaoni, hazipiti sekunde tatu kabla mtu yule yule hajaanza kujibu. Anaongea kwa uhakika, anawatazama watu usoni, hakwami. Pembeni yupo aliyeisoma taarifa yote usiku uliopita na kugundua kwamba jumla ya safu ya tatu haikubaliani na ya tano. Bado anapanga maneno, na mjadala umeshapita. Nafasi ya ukuu wa kitengo ikitangazwa, wakubwa hutaja jina la yule wa kwanza. Naamini hapo ndipo tunapokosea, na gharama yake huangukia timu nzima.

Wanasaikolojia wengi wa haiba hutumia sifa kuu tano: uchangamfu, umakini kazini, uwazi wa fikra, upole kwa wengine na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Mwaka 2002 mtafiti Timothy Judge na wenzake walijumlisha tafiti nyingi zilizolinganisha sifa hizo na uongozi. Kwa kipimo ambacho 0 ni kutohusiana kabisa na 1 ni kwenda sambamba bila kuachana, uchangamfu ulipata 0.31, umakini 0.28, uwazi wa fikra 0.24, upole 0.08, na wasiwasi ukaenda kinyume, -0.24. Wengi huishia kwenye namba ya kwanza. Lakini 0.31 ikizidishwa kwa yenyewe haifiki hata 0.10, maana yake uchangamfu unaeleza chini ya sehemu moja ya kumi ya tofauti baina ya viongozi. Zaidi ya hayo, ulihusiana zaidi na kuonekana kiongozi kuliko kuongoza vizuri. Hayo ni mambo mawili tofauti, na ofisi nyingi huyapima kwa jicho moja.

Mwanasaikolojia Adam Grant na wenzake walilisogeza suala hili mbele mwaka 2011 walipochunguza maduka ya piza nchini Marekani. Wafanyakazi waliposubiri kuelekezwa, duka la meneja mchangamfu lilipata faida zaidi. Walipokuwa wepesi wa kutoa mawazo na kubuni njia mpya, meneja mchangamfu alipata faida ndogo kuliko mkimya. Sababu inaeleweka: aliyezoea kushika uwanja huliona wazo la aliye chini yake kama ushindani, na mfanyakazi akishapuuzwa mara mbili tatu hunyamaza.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza nani awe mkuu, uliza timu yenyewe ikoje.

Sina subira na majaribio ya haiba yanayompa mtu herufi nne na kumweka katika kundi moja kati ya 16. Haiba ni kama urefu: watu wengi wako karibu na katikati. Ukichora mstari hapo, mwenye alama 49 anaitwa mkimya na mwenye 51 mchangamfu, ingawa wanafanana wao kwa wao kuliko wanavyofanana na yeyote wa pembeni. Ndiyo maana wengi wakirudia jaribio baada ya wiki chache hupata herufi tofauti. Kumnyima mtu kazi kwa kigezo hicho ni dhuluma.

Kinachosaidia ni kubadili utaratibu. Tuma swali la kikao siku moja kabla. Kikaoni, wape watu dakika tano waandike majibu kimya, kisha yasomwe kuanzia kwa wa cheo cha chini, mkuu awe wa mwisho. Wakuu wengi huharibu hatua hii ya mwisho: husema “mimi naona hivi, lakini nataka kusikia maoni yenu,” na kuanzia hapo kila mtu hutafuta njia ya kukubaliana naye.

Kwenye usaili, maswali yawe yale yale kwa kila mwombaji, na kila msaili aandike alama za 1 hadi 5 baada ya kila jibu, peke yake. Alama zikiandikwa baada ya mazungumzo ya pamoja, mnapima mvuto wa msaili mwenye sauti, wala si mwombaji.

Mwenye umakini mkubwa naye ana mtego wake akipandishwa cheo: hurudia kazi za wenzake usiku kwa sababu hazijafikia kiwango chake. Dawa ni kukubaliana mapema, kwa maandishi, kazi iliyokamilika inaonekanaje, kisha aikague mara moja tu katikati ya muda. Mpole huchelewesha habari mbaya hadi zinaoza. Awekewe kikomo cha siku mbili, na aseme kilichotokea, kilichoharibika na kinachotakiwa sasa, bila sifa za kupaka asali mwanzoni.

Na mwenye wasiwasi, ambaye wengi humkwepa? Mpe robo saa kabla ya uamuzi mkubwa aorodheshe kila kinachoweza kuvunjika. Orodha itakuwa ndefu na mengine yatakuwa madogo. Yasomeni yote, mwekeni mtu mmoja wa kushughulikia kila lile zito, kisha mwonyesheni lipi limetatuliwa. Asipoonyeshwa, kikao kijacho ataleta orodha ile ile, kwa sauti ya juu zaidi, na mtadhani tatizo ni yeye.