Sanamu la Fundi Lifuate Mwili wa Mteja

Ukipita Darajani au Mchangani, mjini Unguja, utayaona masanamu ya nguo yamepangwa mbele ya maduka, yote umbo moja: kifua juu, tumbo bapa, nyonga nyembamba, mgongo umenyooka. Muuza duka yanamtosha, maana kazi yake ni kuonesha nguo. Fundi cherehani akishonea juu ya sanamu la namna hiyo, anamshonea mtu asiyekuwepo. Mimi nashona, na naamini kabisa kwamba fundi wa Unguja na Pemba anastahili sanamu lenye mwili wa mteja wake. Kwa kompyuta, kadibodi na leza, yaani mashine inayokata kwa mwanga mkali, jambo hilo sasa tunaliweza.

Kazi inaanza na futi kamba. Mwanamke anapimwa kifua, kiuno, nyonga, upana wa mgongo, urefu kutoka shingoni hadi kiunoni mbele na nyuma, na kila bega peke yake. Vipimo vinaingizwa kwenye MakeHuman, programu ya bure inayojenga umbo la mtu, kisha umbo linasahihishwa kwenye Blender, nayo ya bure. Hapo pana jambo la kuangalia: ni rahisi mno kwenye programu kuufanya upande wa kulia ulingane na wa kushoto nukta kwa nukta. Usikubali. Bega moja likiwa chini ya jingine, liwe hivyo hivyo kwenye sanamu, kwani ndiyo faida yote ya kulitengeneza.

Umbo likikamilika linagawanywa vipande, navyo vinakatwa kwa leza kwenye kadibodi. Ukitaka kupanga kadibodi tabaka juu ya tabaka, kiwiliwili cha sentimita 70 kwa kadibodi ya milimita 5 kinakula vipande 140, na sanamu linakuwa zito bure. Napendelea vipande vya kusimama na vya kulala vinavyochomekana, vikibeba umbo kama mataruma yanavyobeba jahazi. Nafasi ya kuchomekea ilingane na unene wa kadibodi uliyonayo mkononi, uupime mwenyewe, maana boksi lililokwisha kubebea friji huwa limebonyea. Kadibodi ya milimita 4 ikiingia kwenye nafasi ya milimita 5, sanamu zima linacheza. Na mashine ya leza ikiwa kazini asiiache mtu peke yake hata kidogo. Kadibodi inashika moto upesi.

Halafu kuna hesabu ya sponji, ambayo fundi lazima aijue hata kama kompyuta anamwachia kijana wake. Kadibodi tupu haishiki pini vizuri. Inavikwa sponji, na juu yake kitambaa cha fulana kilichobana. Sponji ya sentimita 1 kuzunguka kiuno inaongeza zaidi ya sentimita 6 kwenye mzunguko. Kwa hiyo umbo lipunguzwe sentimita 1 kuingia ndani, pande zote, kabla ya kukatwa. Bila hivyo mwenye kiuno cha sentimita 80 atashonewa gauni la 86, na fundi atalaumu kitambaa.

Wako wanaosema kadibodi haina maisha kwa hali ya hewa ya kwetu. Ni kweli masika huilainisha. Basi ipakwe vanishi pande zote mbili kabla ya kuunganishwa, na sanamu lisimame juu ya bomba, lisiguse sakafu. Hata likidumu msimu mmoja wa harusi, michoro ipo, linakatwa jingine.

Faida naiona zaidi kwa wateja walio mbali. Bibi harusi yuko Wete, Pemba, fundi wake yuko mjini Unguja. Kila akitakiwa kujaribu gauni ni nauli ya boti na siku nzima imekwenda. Ndugu zetu wa Muscat wanatuma vipimo kwa WhatsApp, nguo inafika inabana makwapani. Na lile kumi la mwisho la Ramadhani, fundi amezungukwa na vitambaa vya Idd mpaka mlangoni, hana pa kumwita mtu mara ya pili. Akiwa na sanamu, gauni linajaribiwa saa nane za usiku na mwenyewe amelala kwake.

Kwenye suala la stara sirudi nyuma hata hatua moja. Umbo la mwanamke kwenye kompyuta ni mwili wake. Apimwe na mwanamke mwenzake, asiombwe picha, faili lisiandikwe jina lake, na kazi ikimalizika likae kwake, lisibaki kwa fundi. Mwenye mashine ya leza apewe michoro ya vipande vilivyotawanywa tu, ambayo hata akiitazama haimwambii ni nani. Sanamu lenyewe halina kichwa wala mikono, kwa hiyo hata wanaochukia masanamu ndani ya nyumba nadhani hawatalikataa.

Tukiulizwa tuanze na nani, wengi watataja mabibi harusi. Mimi nawataka kwanza bibi zetu waliopinda mgongo. Gauni la mkato wa kawaida likivaliwa na bibi wa namna hiyo, nyuma linapanda na mbele linashuka, na pindo la mbele ndilo analolikanyaga akipanda ngazi za nyumba za Mji Mkongwe, ngazi kali kama zilivyo. Kumsimamisha nusu saa apigwe pini ni kumtesa. Mgongo ule ukiwa kwenye sanamu, fundi anaongeza kitambaa nyuma, anapunguza mbele, anatazama pindo mpaka likae sawa. Vijana wanaosomea ufundi KIST, Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia, pale Mbweni, wakae na mafundi cherehani wa mjini, wamchague bibi mmoja aliye radhi, waanze na gauni lake la Idd.