Zabibu za Delano, chai ya Kericho

Wengi wetu tulio huku California huamini kwamba kibarua wa Marekani analindwa na sheria kuliko mchuma chai wa Kericho. Filamu ya Diego Luna ya 2014 kuhusu César Chávez, kiongozi wa vibarua wa mashambani wa California, ingetutoa tongotongo, lakini jambo lenyewe inalipita mbio.

Sheria ya Marekani ya vyama vya wafanyakazi ya 1935 iliwaacha nje vibarua wa mashambani, na mpaka leo haiwahusu. California ilijitungia yake 1975. Kenya je? Kifungu cha 41 cha Katiba hakimbagui mchuma chai: ana haki ya chama na ya kugoma.

Ila kule kuachwa nje kuliwapa vibarua wa California silaha. Marekebisho ya 1947 ya sheria hiyo ya Marekani yalikataza chama kulibana duka lisilo na ugomvi nacho ili liache kuuza mali ya mwajiri. Vibarua wa zabibu katazo halikuwagusa, wakasimama milangoni mwa maduka ya miji mikubwa wakiwasihi wateja wasinunue zabibu.

Mgomo wa zabibu wa Delano, mji wa California, ulianzishwa na vibarua Wafilipino wakiongozwa na Larry Itliong tarehe 8 Septemba 1965, wakidai dola 1.40 kwa saa. Chama cha Chávez kilijiunga siku nane baadaye. Filamu inamweka Itliong pembeni, na hiyo ndiyo dosari yake kubwa: wenye mashamba walizoea kumtumia Mmeksiko kuvunja mgomo wa Mfilipino, na kuungana kwa hao wawili ndiko kulikowanyima hila hiyo.

Halafu kuna hila ya lebo. Kampuni ya Giumarra iliposusiwa, iliazima lebo za wakulima wenzake. Zabibu zile zile, sanduku lenye jina jingine. Mteja atajuaje? Ikabidi 1968 zisusiwe zabibu zote za mezani za California. Mikataba ya chama na wakulima wa Delano ilitiwa saini Julai 1970, na masanduku yakabandikwa tai mweusi, nembo ya chama.

Hapo ndipo Kericho inapokwama. Zabibu hufika dukani ikiwa zabibu. Chai yetu hupigwa mnada Mombasa, kisha huchanganywa na ya nchi nyingine kabla ya kutiwa pakitini. Mnunuzi wa London asusie nini? Nguvu ya mchumaji imebaki kwenye mti: majani mawili na kichipukizi yasipochumwa kwa wakati hukomaa, daraja la chai likashuka. Mashine ya kuchuma inamnyang'anya hata hiyo, nazo 2023 zilichomwa moto huko Kericho.