Maganda ya korosho Mtwara: zeolaiti ipewe nini ikifanyie kazi?

Kila kilo 100 za korosho ghafi zikibanguliwa huacha maganda yapatayo kilo 70. Ndani ya maganda hayo mna mafuta meusi mazito, yale yanayomchubua mbanguaji vidole asipojipaka majivu au mafuta ya nyonyo, nayo huwa kama robo ya uzito wa ganda. Maganda mengi huishia kwenye boila na matanuri. Moshi wake ni mweusi, unawasha macho, na unaganda kama lami ndani ya dohani.

Kadiri mjadala wa kubangua hapa hapa badala ya kusafirisha ghafi kwenda India na Vietnam unavyokolea, ndivyo swali la maganda linavyorudi kila msimu. Wapo wanaotaka ganda lichomwe bila hewa, mvuke wake upitishwe kwenye zeolaiti sanisi, zitoke petroli na malighafi za plastiki. Wapo wanaosema mafuta yakamuliwe, yasafishwe, yauzwe, basi. Pande zote mbili zina hoja, ila mara nyingi hazizungumzii kitu kimoja: wa kwanza wanasema ganda, wa pili wanasema mafuta. Mbele ya zeolaiti hivyo ni vitu viwili mbalimbali kabisa.

Zeolaiti ni madini ya silika na alumini yenye vitundu vilivyolingana ukubwa. Jina lilitoka kwa Msweden Axel Cronstedt mwaka 1756, alipoona jiwe la aina hiyo likifoka mvuke lilipopashwa moto. Maana yake ni jiwe lichemkalo. Zinazotumika viwandani leo nyingi hupikwa na watu. ZSM-5, iliyopatiwa hataza na kampuni ya Mobil mwaka 1972, ina vitundu vya nanomita 0.55 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Zeolaiti Y, ambayo ndiyo injini ya mitambo ya kuvunjavunja mafuta ghafi, ina vitundu vya nanomita 0.74. Kila atomu ya alumini inayokaa mahali pa silikoni huleta chaji hasi. Chaji hiyo ikitulizwa kwa sodiamu, zeolaiti imelala. Ikitulizwa kwa hidrojeni, pale panakuwa na asidi kali, na ndipo minyororo ya kaboni inapokatwa, inapokunjwa na kuunganishwa upya.

Wanaoitetea zeolaiti wana hesabu moja nzito, ingawa wengi wao hawaitaji. Chukua idadi ya hidrojeni katika molekuli, toa mara mbili ya idadi ya oksijeni, gawanya kwa idadi ya kaboni. Sukari inayojenga nyuzi za mti (kaboni 6, hidrojeni 12, oksijeni 6) inatoa sifuri. Methanoli inatoa 2. Malighafi iliyo chini ya 1 huijaza ZSM-5 masizi haraka, ndiyo maana pumba za mbao zimewatesa watafiti miaka mingi. Sasa tazama kardanoli, kiini cha mafuta ya ganda yaliyopashwa moto: kaboni 21, hidrojeni 34, oksijeni 1. Jibu ni 1.5. Hiyo ni malighafi nzuri kuliko karibu kila taka ya shambani tuliyonayo kusini. Oksijeni yake ni asilimia 5 tu ya uzito, kwa hiyo hata ikitoka yote kama maji, kilo 100 za kardanoli haziwezi kutoa maji zaidi ya kilo 6.

Lakini hesabu hiyo ni ya kardanoli, si ya ganda. Ganda zima ni mti pamoja na mafuta, na lina majivu yenye potasiamu. ZSM-5 yenye silikoni 40 kwa kila alumini 1 ina takriban milimoli 0.4 za vituo vya asidi kwa gramu (milimoli ni kipimo cha kuhesabia atomu na molekuli). Potasiamu hukamata kituo kimoja kwa kimoja, kwa hiyo gramu 16 za potasiamu zinatosha kuua kilo nzima ya kichocheo, yaani zeolaiti yenyewe, inayoharakisha kazi bila kuliwa. Tuchukulie ganda lina nusu asilimia ya potasiamu: kilo 3 na ushei za maganda zimebeba sumu ya kuimaliza kilo moja ya zeolaiti, ikihamia yote. Haihamii yote kwa mara moja, ila kuchanganya unga wa zeolaiti na maganda ndani ya tanuri moja, kama inavyopendekezwa na wapenda njia za mkato, ni kuununua kwa bei ghali na kuuzika kwenye majivu. Masizi huchomwa yakaisha. Potasiamu haichomeki. Kama ni lazima kutumia ganda, mvuke utenganishwe kwanza: tanuri peke yake kwenye nyuzi 500 hivi, kisha kimbunga cha kunasa vumbi, kisha kichujio cha moto, ndipo kitanda cha zeolaiti. Na bomba la katikati lisiruhusiwe kupoa, maana likipoa mafuta hugandia humo na kuziba.

Tatizo la pili ni umbo. Mnyororo mrefu wa kardanoli unaweza kuingiza ncha yake kwenye kitundu cha ZSM-5, lakini pete ya fenoli (duara la kaboni sita lililoshika oksijeni) iliyobeba mnyororo kwa ubavuni hukwama mlangoni. Kazi nyingi hufanyika juu juu, mdomoni mwa vitundu, na hapo hapo fenoli hushikamana na asidi na kugeuka masizi. Ndani ya punje vituo vya asidi vimekaa bure, mlango umezibwa. Dawa inayojulikana ni kuchimba njia kubwa ndani ya punje: kuiloweka zeolaiti kwenye soda kali ya 0.2 molari kwa nyuzi 65, dakika 30, kisha kuipoza upesi na kuisuuza. Hufanya kazi vizuri pale ambapo silikoni ni kati ya 25 na 50 kwa kila alumini. Chini ya hapo alumini huikinga silika isiyeyuke. Juu ya hapo punje humomonyoka ovyo. Baada ya soda ni lazima kurudisha hidrojeni, la sivyo umejaza sodiamu mwenyewe.

Hapo ndipo maji ya pwani yanapoingia katika hadithi. Kurudisha hidrojeni ni kuichemsha zeolaiti kwenye amonia nitrati ya 1 molari, nyuzi 80, mililita 10 kwa gramu, mara tatu, kisha kusuuza na kuichoma kwenye nyuzi 550 amonia itoke. Hatua ya kusuuza hudharauliwa. Lita 20 za maji ya kisima chenye chumvi, tuseme miligramu 500 za sodiamu kwa lita, zimebeba gramu 10 za sodiamu. Kilo moja ya ZSM-5 tuliyoitaja inahitaji gramu 9.4 tu kujaa. Zeolaiti huipenda amonia kuliko sodiamu, kwa hiyo haipotei yote, lakini asidi uliyoigharamia inapungua kila ndoo inapomiminwa. Maji yaliyoondolewa madini ni ya lazima. Hewa yetu ya unyevu nayo ina lake: unga ulioachwa wazi usiku mmoja hunywa maji, na anayepima gramu 10 asubuhi bila kuikausha upya anapima zeolaiti pungufu bila kujua.

Kuhusu kuipika wenyewe, tusidanganyane. Kaolini ya Pugu ikichomwa nyuzi 650 hadi 700 kisha ikachemshwa na soda kali hutoa zeolaiti A, jambo la kujivunia, lakini vitundu vyake ni nanomita 0.4 na kardanoli haitaingia hata kwa kusukumwa. Zeolaiti A ni ya kukausha gesi na kulainisha maji. Mtambo wa kusindika gesi kuwa kimiminika ukijengwa Likong'o, Lindi, ndiyo jamaa yake itakayohitajika kwa tani, kukausha gesi kabla ya kugandishwa. ZSM-5 inahitaji silika nyingi ya ziada, kiolezo cha tetrapropili amonia (kemikali ambayo vitundu hujijenga kuizunguka) ambacho ni cha kuagiza, na chungu cha shinikizo kwenye nyuzi 170 kwa siku moja hadi tatu, ambapo mvuke peke yake unasukuma kwa karibu bar 8. Kwa sasa kuinunua ni rahisi kuliko kuipika.

Tuseme imenunuliwa na imefungwa kwenye bomba. Itajaa masizi; swali ni baada ya saa ngapi. Dalili ya kwanza huonekana kwenye chupa ya kupokelea: kimiminika kilichokuwa na rangi ya chai ya rangi kinakuwa kahawia, na harufu ya fenoli inazidi ya tolueni. Wakati wa kuchoma masizi ndipo wengi wanapoharibu. Kilo ya zeolaiti yenye gramu 100 za masizi imebeba joto la megajuli 3.3. Zeolaiti hupanda nyuzi moja kwa kama kilojuli moja kwa kilo. Piga hesabu: joto hilo likibaki lote ndani, lingepandisha kitanda zaidi ya nyuzi 3,000. Ndiyo maana hewa huanzishwa ikiwa imechanganywa na nitrojeni, oksijeni asilimia 1 au 2, vipimajoto viwili vitatu ndani ya kitanda, na oksijeni huongezwa pale tu joto linapotulia chini ya 550. Ukipuliza hewa kamili kwa pupa, mvuke unaotokana na hidrojeni ya masizi pamoja na joto la kupita 600 huing'oa alumini mahali pake. Kwa macho unga utakuwa mweupe, safi, wa kupendeza, na hautafanya kazi tena. Mitambo mikubwa hukwepa balaa hili kwa kuizungusha zeolaiti kama mchanga unaotiririka kati ya chumba cha kazi na chumba cha kuchomea. Hilo si jambo la kiwanda cha kubangua tani chache kwa siku.

Upande wa pili, ule wa kukamua mafuta na kuyauza, una hoja ambayo kwangu ndiyo nzito zaidi, na si ya gharama. Pete ya fenoli yenye mnyororo wa kaboni 15 katika nafasi ya tatu ni kitu ambacho maabara hukitengeneza kwa taabu, na mkorosho hukitoa bure. Resini za bitana za breki, vigumishi vya rangi za meli, sabuni za viwandani, vyote huutumia muundo huo kama ulivyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa St Andrews, Uskoti, walionyesha mwaka 2012 kwamba kardanoli inaweza kugeuzwa kuwa fenoli zenye mnyororo mfupi zinazowavuta mbung'o kwenye mitego. Walitumia vichocheo vya metali, hawakutumia zeolaiti. Kuipasua kardanoli yote kwa nyuzi 500 upate benzini ni kupasua mlango wa nakshi upate kuni za kuchemshia chai.

Nao upande huu hausemi kila kitu. Mafuta mabichi ya ganda hayauziki kwa bei nzuri yakiwa na asidi ya anakadi, ambayo ndiyo sehemu yake kubwa. Sharti yapashwe nyuzi 140 hadi 170 hewa ukaa itoke, na hapo kilo moja ya mafuta yenye asidi hiyo asilimia 65 hufukuza zaidi ya lita 40 za gesi. Anayejaza chungu hadi shingoni huyakuta sakafuni. Nusu chungu inatosha, na moto upandishwe polepole. Kisha kunereka kwa ombwe, yaani kuyageuza mvuke na kuyapoza tena ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, na chini hubaki lami nyeusi ambayo hakuna anayeigombea. Soko la kardanoli nalo lina wenyewe: India na Vietnam wanazalisha nyingi.

Kwa kichocheo chenyewe, historia inawapa tahadhari watetezi wa petroli. New Zealand ilijenga Motunui, katikati ya miaka ya 1980, mtambo wa kugeuza gesi asilia kuwa methanoli na methanoli kuwa petroli kwa ZSM-5, mapipa yapatayo 14,500 kwa siku. Kemia ilifanya kazi kama ilivyoahidiwa. Ndani ya miaka ya 1990 sehemu ya petroli ilisimamishwa na methanoli ikauzwa yenyewe, kwa sababu ililipa zaidi. Mtwara yenye gesi ya Mnazi Bay na Lindi yenye Songo Songo haziwezi kuupuuza mfano huo: ZSM-5 ilishinda mtihani wake, ikashindwa na bei ya bidhaa iliyokuwa hatua moja nyuma yake. Kardanoli iko katika nafasi ile ile ya methanoli.

Iko njia ya kati ambayo haisikiki sana. Watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba fenoli yenye mnyororo mfupi, ikipitishwa kwenye ZSM-5 kwa nyuzi kati ya 300 na 400 pamoja na mvuke wa maji, huachia mnyororo na kubaki fenoli tupu na propilini, gesi ambayo ni malighafi ya plastiki. Maji huzuia fenoli kung'ang'ania kwenye asidi, na kichocheo hudumu. Kwa mnyororo wa kaboni 15 kazi ni ngumu zaidi, na viungo maradufu vyake (pale kaboni mbili zinaposhikana mara mbili) vinapaswa kujazwa hidrojeni kwanza visifanye gundi. Kardanoli iliyojazwa hidrojeni huganda kwenye nyuzi 50 hivi, kwa hiyo kila bomba na kila vali ipashwe moto. Lakini hapa zeolaiti inapewa kitu safi, kisicho na potasiamu, na inaombwa kukata kiungo kimoja.

Kwa hiyo mpangilio unaoleta maana ni kukamua kwanza kwa kinu cha skrubu katika kila kiwanda, makapi yarudi kwenye boila yakiwa na moshi nafuu, mafuta yakusanywe kwenye mtambo mmoja wa kunereka, kardanoli iuzwe, na zeolaiti ipewe ile isiyopata mnunuzi. Anayeleta pendekezo tofauti aulizwe mizania ya uzito (kilichoingia dhidi ya kilichotoka) ya saa 10 mfululizo, masizi yakiwa yamepimwa kwa kuchomwa, pamoja na kiasi cha sodiamu na potasiamu kwenye kichocheo kabla na baada. Akionyesha maji kilo 15 kwa kila kilo 100 za malighafi anayoiita kardanoli, basi hiyo si kardanoli.