Msaidizi wa mtandaoni alipwe kwa saa au kwa mwezi?

Anayeanza kazi ya usaidizi wa mtandaoni, yaani kumjibia mteja wa mbali barua pepe na kumtunzia kalenda, awe Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam, hachelewi kuusikia ushauri huu: achana na malipo ya saa, uza kifurushi cha mwezi. Saa ni ya wanagenzi, wanaambiwa, na aliyekomaa humtajia mteja bei moja ya mwezi mzima, kisha kila mmoja anajua anachodai na anachodaiwa. Ushauri huu umewafaa wengi. Unampotosha yule hasa anayehitaji ushauri, yaani mtu mwenye mteja mmoja au wawili, asiyethubutu bado kumwambia mteja hapana.

Kifurushi kina hoja nzito. Kwanza, saa humwadhibu mwepesi. Msaidizi aliyejifunza kupanga safari ya mteja kwa dakika 40, wakati mwenzake anatumia saa mbili, anapata theluthi ya malipo ya mwenzake kwa kazi ileile. Pili, na hii naiona ndiyo kubwa zaidi, saa hailipi kungoja. Mteja wa New York anapofungua ofisi saa tatu asubuhi, Nairobi ni saa kumi jioni, na miezi ya baridi ya kwao ni saa kumi na moja. Msaidizi anakaa karibu na kompyuta hadi usiku, simu iko wazi, shughuli za nyumbani zimesimama, na programu ya kuhesabu saa haioni lolote kwa sababu hakuna barua iliyoingia. Mwenye kifurushi analipwa kwa kuwa tayari. Mteja naye anajua mapema mwezi utamgharimu kiasi gani, na kwa mfanyabiashara mdogo hilo si jambo dogo.

Lakini tuitazame kazi yenyewe. Anayejenga nyumba anajua tofauti ya fundi wa mkataba na fundi wa siku. Wa mkataba anaonyeshwa mchoro, ukuta ukikamilika amemaliza, na ukitaka dirisha jingine mnarudi kwenye bei. Usaidizi hauna mchoro. Barua pepe za leo zikijibiwa, za kesho zinaingia. Kalenda haikamiliki. Kazi isiyo na mwisho ikiuzwa kwa bei isiyobadilika, kinachobaki kunyumbulika ni muda wa anayeifanya.

Tupige hesabu. Msaidizi na mteja wanakubaliana dola 400 kwa mwezi, wakikadiria saa 80, yaani dola 5 kwa saa. Mwezi wa kwanza unakwenda sawa. Wa tatu, mteja anaomba msaidizi awe anapitia pia risiti zake. Halafu shirika la ndege lifuatiliwe lirudishe nauli. Halafu zawadi ya mkwe itafutwe. Kila ombi linakuja kwa upole, na kila moja ni dogo. Tuseme yote kwa pamoja yanaongeza dakika 25 tu kwa siku. Kwa siku 22 za kazi, hizo ni saa tisa na dakika kumi kila mwezi. Kwa mwaka ni saa 110. Mkataba mzima wa mwezi ulikuwa saa 80.

Hesabu hii haihitaji mteja mbaya, na ndiyo maana siiachi. Msaidizi huyu amefanya mwezi mmoja bure, na saa 30 juu yake, bila mtu yeyote kumdhulumu kwa makusudi. Mteja anaamini analipa vizuri, kwa sababu hajawahi kuona hizo dakika. Msaidizi anahisi amechoka, lakini hana karatasi ya kumwonyesha. Akitaka kuongezewa, atasema nini? Atasema kazi imekuwa nyingi, na mteja atajibu kwa haki kabisa kwamba bado ni barua pepe na kalenda, mambo waliyokubaliana. Anayelipwa kwa saa hana haja ya mazungumzo hayo. Risiti zikiongezwa, wiki hiyo inasoma saa 22 badala ya 20, na mteja mwenyewe anaamua kama zawadi ya mkwe inastahili dola mbili na nusu.

Hofu ya mteja kwamba saa zitafumuka ina dawa rahisi. Upwork, kwa mfano, jukwaa la mtandaoni linalokutanisha wateja na wafanyakazi wa kujitegemea, humruhusu mteja kuweka kikomo cha saa kwa wiki, na msaidizi hawezi kumtoza zaidi ya hapo. Wiki inafungwa Jumapili usiku kwa saa za UTC, yaani saa ya kimataifa, mteja ana Jumatatu hadi Ijumaa kukagua, na pesa zinafika mkononi siku kumi baada ya wiki kufungwa. Saa zilizorekodiwa na programu, zikiwa na maelezo ya kazi, zina ulinzi wa malipo hata mteja akigoma. Zilizoandikwa kwa mkono hazina ulinzi huo. Kwa bei ya kazi nzima, mteja anaweka fedha kwanza, jukwaa linazishikilia, na asipojibu kwa siku 14 tangu kazi ikabidhiwe, zinaachiwa. Mpango huu wa pili unafaa kwa nembo au tafsiri, vitu vyenye mwisho.

Bei ya ulinzi huo inauma. Programu hupiga picha ya skrini takriban kila dakika kumi na kuhesabu mibofyo ya kipanya na kibodi. Unaweza kufuta picha usiyoitaka, lakini unapoteza malipo ya dakika hizo kumi. Wanaosema kuwa hii inamgusa mtu heshima yake wana haki ya kusema hivyo. Jukwaa pia hukata chake: Fiverr, jukwaa jingine la aina hiyo, asilimia 20, na Upwork, iliyokuwa ikikata 10 tangu 2023, mwaka 2025 ilianza makato yanayoanzia sufuri hadi 15. Hata hivyo, anayeanza akiwa Kisumu au Malindi hana njia ya kumfikisha mteja wa Texas mahakamani kwa dola 400. Picha zile ndizo ushahidi pekee alio nao.

Nje ya majukwaa, kifurushi kinachovutia huwa ni kile kinacholipwa mwanzo wa mwezi. Kikipatikana, ni bora. Ni nani basi anayekipata? Mteja anayemlipa mgeni kabla ya kazi anataka sifa zilizothibitishwa, na sifa hizo ndizo anayeanza anazitafuta. Kwa kawaida anaishia kulipwa mwisho wa mwezi, akiwa ameshamkopesha mteja siku thelathini za kazi. Hata pesa zikija kwa PayPal, huduma ya kutumiana pesa mtandaoni, mlipaji ana siku 180 za kufungua malalamiko. Kwa Mtanzania njia ni nyembamba zaidi, maana kwa miaka mingi akaunti ya PayPal ya Tanzania imeruhusu kutuma na kununua bila kupokea.

Na ule uhakika wa kipato unaosifiwa sana? Ni uhakika wa dola. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160 za Kenya, na katikati ya mwaka ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Dola 400 zilizokuwa shilingi 64,000 zikawa 52,000, huku kodi ya nyumba ikiwa ileile. Pigo hilo liliwapata wote, wa saa na wa mwezi. Ila aliyekuwa kwenye saa aliweza kuomba saa kumi zaidi na kulipwa. Wa kifurushi alipaswa kuomba alipwe zaidi kwa kazi anayoifanya tayari, na ombi hilo ni gumu kuliko lile la kwanza.

Wasaidizi waliodumu, pamoja na kampuni zinazouza huduma hii, mara nyingi huuza kifurushi chenye idadi ya saa ndani yake: 10, 20 au 40 kwa mwezi, zinalipwa kabla, na zikizidi zinatozwa. Utaratibu huo nauunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu saa bado inahesabiwa na kungoja nako kumeanza kulipwa. Ugomvi unabaki kwenye saa ambazo hazikutumika. Mteja angependa zihamie mwezi unaofuata, lakini msaidizi aliyetenga jioni zake kwa ajili yake hawezi kuziuza tena. Naona zife mwisho wa mwezi, au zihamie mara moja tu, na liandikwe kwenye mkataba kabla ya ankara ya kwanza, pamoja na bei ya kila saa inayozidi.