Bando la usiku na ile skrini nyeusi

Hapa Kampala ukidaunlodi gemu kwa kuandika amri kwenye terminali ya Linux, ile skrini nyeusi ya maandishi matupu, watu wanasema unajionyesha, eti duka la programu lenye picha na vitufe si lipo, bofya tu. Sawa, hoja ina uzito wake. Anayeanza haoni hata picha moja ya gemu, na wapo wanaokopi amri yoyote yenye sudo mbele (yaani ruhusa ya msimamizi wa kompyuta) wanabandika bila kusoma, hiyo ni kumpa mgeni ufunguo wa nyumba.

Ila wasemao hivyo nashuku wana waifai ya ofisi. Sisi wa bando tunahesabu. 2018 tulianza kulipa ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii, 2021 ikatolewa ikaja 12% juu ya data yenyewe, yaani hata MB inayomwagika imelipiwa kodi. Sasa andika sudo apt install 0ad, yaani usakinishe gemu ya vita ya 0 A.D., kabla hakijashuka kitu apt, ile programu ya kusakinisha, inakupa hesabu, mzigo ni kiasi gani, diski italiwa kiasi gani, halafu inauliza uendelee au basi. Unabonyeza n unaenda zako, hujapoteza kitu. Na 0 A.D. inapita GB 1, si mzigo wa kubahatisha! Umeme ukikatika katikati unarudia amri ileile inaendelea ilipoishia, wget nayo, amri ya kushusha faili, ukiipa -c hivyohivyo. Mimi nilishapoteza bando zima la usiku kwa faili la brauza lililofika 90% likafa, nikaanza sifuri.

Epic Games, wenye duka la gemu mtandaoni, wanagawa gemu za bure kila Alhamisi lakini programu yao ya Linux hakuna, watu wa chanzo huria wakatengeneza legendary, programu ya terminali ya kushushia gemu za Epic, na hiyo pia inataja ukubwa inauliza kwanza. Kasoro zipo: si ya Epic, wakigeuza kitu upande wao inaweza kugoma, na gemu nyingi humo ni za Windows kwa hiyo Wine, programu ya kuendeshea vitu vya Windows kwenye Linux, utaihitaji tu. Za apt nazo kwenye Debian, aina mojawapo ya Linux, mara nyingi ni toleo la nyuma kidogo.

Duka lenye picha siku hizi linaonyesha ukubwa, sikatai. Ila lile la GNOME, mwonekano wa Linux wenye madirisha na vitufe, usipolizima linashusha apdeti kimyakimya lenyewe, unaamka asubuhi bando limeisha na gemu hata hujaigusa.